Upepo Ukitulia, Linda Afya na Nyumba Yako

Somo letu la leo linahusu kimbunga. Hatutazungumza sana juu ya upepo wenyewe. Tutazungumza juu ya siku zinazofuata, upepo ukishatulia. Siku hizo ndizo magonjwa huingia nyumbani. Siku hizo pia ndizo serikali hutoa misaada ya makazi. Mwananchi anayeyajua mambo haya mawili huokoa jamaa zake.

KIMBUNGA NI NINI?

Kimbunga ni dhoruba kubwa inayozaliwa baharini, mahali penye maji yenye joto. Upepo wake huzunguka kama pia. Huleta mvua nyingi, na husukuma maji ya bahari mpaka nchi kavu. Wamarekani hukiita harikeni. Sisi hukiita kimbunga. Ni kitu kile kile.

Pwani yetu inakifahamu. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangusha mikarafuu mingi. Mwaka 1952 kingine kilipiga Lindi. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Somanga, wilayani Kilwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba vimbunga ni mambo ya watu wa mbali.

WENGI HUFA UPEPO UKISHAPITA

Tutazame mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Tarehe 20 Septemba 2017 kilipigwa na kimbunga Maria. Kwanza serikali ya kisiwa ilitangaza kuwa watu 64 wamekufa. Baadaye wataalamu walihesabu vifo vyote vilivyozidi kawaida mpaka Februari 2018. Mwaka 2018 serikali ilikubali hesabu mpya: watu 2,975.

Watu hao wengi walikufa na nini? Hawakupigwa wote na bati wala mti. Umeme ulikatika kwa miezi. Barabara ziliziba. Wagonjwa wa kudumu walikosa dawa na matibabu. Walioumia zaidi walikuwa wazee na watu maskini.

Mfano wa pili ni jirani zetu wa Msumbiji. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kimbunga Idai kilipiga mji wa Beira. Visima vilichafuka. Vyoo vilifurika. Tarehe 27 mwezi huo huo kipindupindu kilitangazwa. Waliougua walizidi 6,000. Lakini waliokufa kwa kipindupindu hicho walikuwa 8.

Kwa nini walikuwa wachache hivyo? Kwa sababu vituo vya matibabu vilifunguliwa upesi, maji yalitiwa dawa, na kuanzia tarehe 3 Aprili watu zaidi ya laki nane walipewa chanjo. Wagonjwa nao walipelekwa kituoni mapema. Basi tujifunze hivi: kipindupindu ni adui mkali, lakini kinashindika.

MSAADA WA MAKAZI HUENDAJE?

Katika nchi nyingi msaada wa makazi hupitia hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni hifadhi ya dharura. Watu hukaa shuleni, au katika mahema, au chini ya maturubai.

Hatua ya pili ni makazi ya muda. Watu hupewa mahali pa kukaa wakati nyumba zao zinatengenezwa.

Hatua ya tatu ni kujenga upya. Hii ndiyo huchukua muda mrefu, pengine miaka.

Huko Marekani kazi hii husimamiwa na shirika la serikali liitwalo FEMA. Mwenye nyumba huandika ombi. Mkaguzi huja kutazama hasara. Ombi likikubaliwa, hupewa fedha za kodi au za matengenezo. Fedha hizo hazirudishi mali yote iliyopotea. Ni za kumwezesha mtu kuishi mahali salama.

Baada ya kimbunga Maria, maelfu ya watu wa Puerto Rico walikataliwa msaada huo. Nyumba zao zilikuwa zimebomoka kweli. Lakini walikuwa wamejenga katika ardhi ya ukoo, kwa makubaliano ya mdomo, bila hati. Walishindwa kuonyesha kuwa nyumba ni zao. Mwaka 2021 FEMA ilipanua orodha ya vielelezo inavyokubali. Lakini kwa wengi, miaka ilikuwa imepita wakiishi chini ya maturubai ya buluu.

Huko Msumbiji, baada ya Idai, serikali iligawa viwanja katika maeneo yaliyoinuka, kwa mfano katika wilaya ya Dondo. Wengi walianza na mahema. Januari 2021 kimbunga kingine, Eloise, kilikuja na kuyararua. Hema ni hifadhi ya leo tu. Asiyeanza mapema kujenga imara hupigwa mara ya pili.

NA SISI JE?

Tanzania inayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Sheria hiyo inataka kuwe na kamati za maafa kuanzia taifa mpaka kijiji. Kwa hiyo njia ya kwanza ya msaada huanzia kijijini kwako. Fanya haya:

1. Wajue wajumbe wa kamati ya maafa ya kijiji chako. Kama hujui, uliza katika mkutano wa kijiji.

2. Ukipata hasara, toa taarifa upesi kwa mwenyekiti wa kitongoji au afisa mtendaji wa kijiji. Usingoje kuulizwa.

3. Majina yanapoandikwa, hakikisha watu wote wa nyumba yako wameandikwa: wazee, watoto wachanga na wagonjwa. Sasa unajua kusoma. Lisome jina lako mwenyewe katika orodha. Likikosewa, sema hapo hapo.

4. Wajane na wanaoishi peke yao wasisahauliwe. Jirani awasemee.

5. Tunza karatasi zako: kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, na hati ya hakimiliki ya kimila kama unayo. Zitie katika mfuko wa nailoni, ufunge vizuri, uzichukue unapohama. Kama huna hati ya shamba au kiwanja, anza kuiulizia katika ofisi ya kijiji sasa, wakati wa jua.

KABLA YA KURUDI NYUMBANI

Usikimbilie kuingia. Zunguka nyumba kwanza, ukiitazama kutoka nje. Ukuta wa udongo uliolowa unaweza kuanguka hata siku ya jua kali. Kama umepinda au umepasuka, usilale ndani. Usiguse waya wa umeme ulioanguka.

Vaa viatu. Misumari na mabati hukata, na kidonda chenye matope kinaweza kuleta pepopunda. Kioshe kwa maji safi na sabuni, uende zahanati upesi. Tumia mti kuinua vitu, kwa maana nyoka hujificha humo.

LINDA MAJI, CHOO NA USINGIZI

Maji ya kisima kilichofurika usiyanywe hivi hivi. Yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja au zaidi. Kama kuni zimelowa, tumia vidonge vya kutibu maji na ufuate maandishi ya pakiti. Yaweke katika chombo safi chenye kifuniko.

Choo kikianguka, chimbeni kingine mara moja, hata cha muda. Kiwe mbali na kisima, hatua 50 au zaidi, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula.

Maji yakituama, mbu huzaliana. Chandarua ni cha kulalia, hata kama unalala shuleni au chini ya turubai. Mtu akiwa na homa, apimwe malaria.

Mvua inaponyesha watu hupenda kuingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Ni hatari. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu hulala asiamke. Huko Marekani watu hufa hivyo hivyo baada ya vimbunga, kwa moshi wa jenereta. Jiko likae nje, au chini ya kipaa kilicho wazi.

MTU AKIHARISHA

Kipindupindu huleta choo kama maji ya mchele. Maji ya mwili huisha kwa saa chache. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya mara moja. Njiani aendelee kunywa maji yenye dawa ya ORS. Kama huna, tengeneza hivi: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi. Mtoto anyonye kama kawaida.

Wenye kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu, au wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI, wasikatishe dawa. Ukihama, dawa na kadi yako viwe vya kwanza kubeba. Vikipotea, mwambie mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Usione haya. Kumbuka wale wa Puerto Rico.

UNAPOJENGA UPYA

Usijenge tena palipopita maji. Chimbia nguzo chini sana. Weka miti ya mshazari kwenye pembe za nyumba. Funga paa kwa waya mpaka kwenye nguzo. Paa la migongo minne hustahimili upepo kuliko la migongo miwili. Jengeni kwa ujima: leo kwako, kesho kwangu.

Ndugu msomaji, upepo hatuwezi kuuzuia. Maji machafu, jina lililoachwa katika orodha na paa lisilofungwa tunaweza kuyazuia.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini hesabu ya waliokufa Puerto Rico ilipanda kutoka 64 mpaka 2,975?
2. Ni nani wajumbe wa kamati ya maafa ya kijiji chetu?
3. Taja vipimo vya kutengeneza maji ya chumvi na sukari.
4. Karatasi zako muhimu ziko wapi leo? Mvua ikija usiku, utazipata?
5. Ni nani katika kitongoji chenu atakayehitaji kusaidiwa kuhama? Nani atamsaidia?