Kakao, Chai ya Rangi na Kumbukumbu za Wazee wa Pwani ya Lindi

Kilwa ni nchi ya minazi, ufuta, korosho na samaki. Kakao ya Tanzania hutoka zaidi Kyela, mkoani Mbeya. Hata hivyo kopo la unga wa kakao limekwisha kufika katika maduka ya pwani, na pamoja nalo habari kwamba kinywaji hicho huzuia usahaulifu wa uzeeni. Habari hiyo ina chembe ya ukweli. Lakini mzee anayeitegemea hadi akaacha vidonge vyake vya shinikizo la damu amejitia hatarini.

Chembe yenyewe ni hii: punje ya kakao ina viambata viitwavyo flavanoli, ambavyo huzisaidia kuta za mishipa ya damu kulegea ili damu ipite kwa wepesi. Ubongo, ambao ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia kama sehemu moja ya tano ya nishati yake, hivyo huumia mapema mishipa inapokakamaa.

Watafiti wa Marekani walilipima jambo hilo katika jaribio liitwalo COSMOS, lililofadhiliwa kwa sehemu na kampuni ya Mars, ambayo huuza chokoleti. Msomaji aliweke hilo akilini. Watu 21,442 walishiriki, wengine wakipewa miligramu 500 za flavanoli za kakao kila siku na wengine kidonge kisicho na dawa. Katika tawi moja, wazee 2,262 walifuatiliwa kwa miaka 3, na matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha faida ya kakao kwa uwezo wa akili. Katika tawi la pili, lenye watu 3,562, matokeo ya mwaka 2023 yalikuwa vivyo hivyo kwa jumla, isipokuwa kwa wale ambao chakula chao kilikuwa duni na chenye flavanoli chache: hao kumbukumbu zao ziliimarika. Kakao iliziba pengo palipokuwa na pengo.

Je, mzee wa Kilwa Kivinje ana pengo hilo? Akinywa chai ya rangi asubuhi na jioni, huenda hana, kwa kuwa majani ya chai nayo ni chimbuko kubwa la flavanoli. Kwa upande mwingine, unga wa kakao uliotiwa alkali ili upungue uchungu hupoteza sehemu kubwa ya flavanoli, na vinywaji vya kakao vilivyochanganywa na sukari huwa na chache zaidi. Kwa mwenye kisukari, hiyo ni hasara iliyolipiwa fedha.

Jambo lenye uzito kuliko kakao ni shinikizo la damu. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2010 katika vijiji sita vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta usahaulifu wa kiwango cha ugonjwa kwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi. Na takribani saba katika kila kumi walikuwa na shinikizo la juu, wengi bila kujua. Pwani ina kishawishi chake cha ziada: ng'onda. Samaki huyo aliyekaushwa kwa chumvi ni kitoweo kizuri, lakini chumvi ya siku nzima haipaswi kuzidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Aloweke, maji yamwagwe, na mchuzi usiongezwe chumvi.

Mhudumu wa zahanati anapoletewa mzee anayesahau, aanze na kipimo cha presha na sukari, kisha aulize kwa upole dawa zinamezwaje. Achunguze pia masikio na macho, maana asiyesikia huonekana amesahau. Familia nyingine hudhani ni uzee tu, nyingine hudhani kuna mkono wa mtu. Zote mbili huchelewa kufika kwenye dirisha la wazee, ingawa sera ya mwaka 2003 ilitambua haki ya matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi.

Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, hasubiri kliniki. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka au kiharusi, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, pamoja na dawa zake zote mfukoni.