Kufundisha Uhamishaji wa Diski ya Kuwashia Kompyuta

Madhumuni ya somo hili ni kumwezesha mwanafunzi kuhamisha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta kutoka diski ya sahani zinazozunguka hadi diski ya chipu, isiyo na kiungo kinachotembea, bila kupoteza taarifa yoyote. Kazi ya mikono ni ndogo, bisibisi yatosha. Ugumu umo katika mpangilio wa fikra, na hapo ndipo mwalimu anapohitajika.

1. Sababu ya kuhama
Somo lianze kwa hesabu. Katika kompyuta nyingi za mkononi za zamani, sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Wanafunzi watafute muda wa mzunguko mmoja. Watapata milisekunde 11 hivi. Kwa wastani, kichwa cha kusomea husubiri nusu ya muda huo, mbali na muda wa kusogea mahali panapotakiwa. Diski ya chipu haina mzunguko wa kungojewa. Hujibu kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Kwa kuwa kuwasha kompyuta ni kusoma faili nyingi ndogo zilizotawanyika, wanafunzi wataeleza wenyewe kwa nini kompyuta kuukuu hupata wepesi kwa kubadilishiwa diski tu.

2. Kinachohamishwa
Mwalimu aulize: Je, tukinakili faili zote tunazoziona, diski mpya itaiwasha kompyuta? Wengi watakubali. Wajaribu kwenye kompyuta ya mazoezi, nayo haitawaka. Hapo waelezwe kwamba kompyuta hutafuta kwanza programu ya kuanzishia, ambayo kwa kawaida hukaa katika sehemu ndogo ya diski iliyofichwa. Ndipo watakapoona haja ya programu inayonakili diski nzima pamoja na sehemu zake zote.

3. Mwelekeo wa kunakili
Hapa ndipo penye hatari. Programu huuliza ipi ni diski ya chanzo na ipi ni ya kupokea, na vyote vilivyomo katika diski ya kupokea hufutwa. Mwanafunzi akizibadilisha, diski tupu itanakiliwa juu ya diski yenye alama za mitihani za shule nzima. Kwa hiyo faili muhimu zinakiliwe kwanza mahali pa tatu.

Inafaa diski za zoezi zitofautiane kwa ukubwa: ya zamani gigabaiti 500, mpya 240, mradi vilivyomo katika ya kwanza vitoshee katika ya pili. Katika Windows zitasomeka takriban 465 na 223. Wanafunzi wasishtuke: mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, na Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Kabla ya kuanza kunakili, mwanafunzi mmoja asome kwa sauti yaliyo kwenye skrini, na mwenzake alinganishe na vibandiko vya diski zenyewe.

4. Uthibitisho
Kazi ikiisha, kompyuta izimwe, diski ya zamani iondolewe, na mpya ibaki peke yake. Zikiachwa zote mbili, huenda kompyuta ikawaka kwa ile ya zamani, na darasa likashangilia bure. Kisha faili kadhaa zifunguliwe na zikaguliwe. Diski ya zamani iandikwe tarehe na itunzwe kwa wiki kadhaa bila kufutwa. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

5. Tathmini
Wepesi wa kumaliza kazi usiwe kipimo. Mwanafunzi aulizwe: Utajuaje kwamba nakala imekamilika kabla ya kuifuta asili? Awezaye kulijibu swali hilo kwa hoja amepata elimu itakayomfaa hata diski za namna hii zitakapopitwa na wakati.