Mtoto Amenenepa, Je, Amepona?



Hapa kwetu Chunya, kazi za tumbaku na machimbo zikipamba moto, mtoto aweza kushindia uji mtupu siku nyingi. Akivimba miguu twamkimbiza hospitali. Wiki chache baadaye uvimbe umekwisha, naye anacheza. Twasema, "Amepona." Mara nyingi tunaharakisha mno.

Shule iliyo kifuani

Nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo, kuna tezi iitwayo thaimasi. Mwaka 1961, huko London, Jacques Miller alionyesha kuwa panya aliyeondolewa tezi hiyo mara tu baada ya kuzaliwa hupungukiwa sana na kinga ya mwili.

Tezi hii ni kama shule. Chembe changa za kinga hutoka katika uboho wa mifupa na kuingia humo kujifunza kutambua vijidudu bila kuushambulia mwili wenyewe. Mtihani ni mgumu: nyingi hufa, chache hufaulu.

Ajabu ni kwamba wanafunzi husaidia kuijenga shule. Chembe zilizotangulia hutoa ishara zinazowakomaza walimu, yaani chembe za tezi yenyewe. Walimu hao ndio huwafunza wadogo wanaofuata. Wanafunzi wakipungua, walimu nao hudhoofika.

Njaa huibomoa

Unyafuzi ukimpata mtoto, chembe changa hufa kwa wingi na tezi husinyaa. Hapo surua au nimonia humwelemea upesi. Miaka ya 1990 waganga wa Bolivia waliipima tezi hiyo kwa altrasaundi wakati watoto wakitibiwa. Uzito ulirudi baada ya mwezi mmoja hivi. Tezi ilihitaji kama miezi miwili.

Tufanye nini?

1. Mtoto akitoka hospitali, tuendelee kumlisha vizuri kwa miezi kadhaa: uji wenye karanga au maziwa, maharage, dagaa, mayai, mboga na matunda.

2. Tumpeleke kliniki kupimwa uzito. Mwaka 1983 jirani zetu wa Iringa walianza mpango wa lishe pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa vijijini, na wanakijiji wakajadili matokeo wenyewe. Utapiamlo mkali ulipungua sana.

3. Tuhakikishe amepata chanjo ya surua katika miezi 9 na 18.

Tujiulize nyumbani: mama na baba wakiwa shambani au machimboni, nani anamlisha mtoto, na anamlisha nini?