Makofi mbele ya pua si kipimo cha masikio

Mwanangu alipotimiza miezi 9 nilimpeleka kliniki kwa chanjo ya surua na rubela. Uzito ulikuwa mzuri, alama ikakaa kwenye kijani ya kadi, nesi akanipongeza. Nikamwambia, "Nesi, nina wasiwasi na masikio yake. Nikimwita akiwa amenipa mgongo, hageuki." Akamtazama mtoto, akapiga makofi mawili mbele ya pua yake. Mtoto akapepesa macho.

"Anasikia huyu, mama. Anayefuata!"

Jambo hilo liliniuma na linaniuma hadi leo. Mtoto aliiona mikono ikija, akahisi upepo wake, akapepesa. Asiyesikia kabisa naye angepepesa. Najua foleni ilikuwa imefika nje chini ya mwembe, na nesi yule alikuwa peke yake na mizani, sindano na daftari. Lakini mama anayemwona mwanawe usiku na mchana akisema kuna kitu, asikilizwe. Kinamama wa mtaani kwetu tunajua uzito wa watoto wetu hadi gramu, na ni wachache waliowahi kuulizwa kama mtoto anageukia sauti, anafuata kitu kwa macho au anashika kwa mikono yote miwili. Serikali ya Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwaka 2021, kwa hiyo ukiuliza maswali haya kliniki hujiombei upendeleo.

Niliporudi nyumbani niliamua kumpima mwenyewe kwa njia ambayo hakuna mtu angeweza kuipuuza. Nitaieleza kwa hatua. Inafaa zaidi kwa mtoto anayekaa vizuri na kugeuza shingo bila shida, tuseme kuanzia miezi 6 au 7.

Hatua ya kwanza ni saa. Mtoto awe ameamka, ameshiba, hana homa. Zima feni na televisheni. Kwetu nyuma ya nyumba kuna fundi wa kuchomelea mageti, na mbele kuna mashine ya kusaga. Saa pekee ya utulivu ilikuwa asubuhi, wanafunzi wakishapita na fundi hajafungua. Kama unakaa uswahilini kama mimi, itafute saa hiyo kwanza, maana bila utulivu yote yanayofuata ni bure.

Hatua ya pili ni watu. Mimi nilimpakata mwanangu, uso wake ukitazama mbele. Wifi yangu alikaa mbele yetu na kikombe chekundu. Bibi yake mtoto, yaani mama mkwe wangu, akasimama nyuma, pembeni kidogo, mahali ambapo jicho la mtoto halifiki. Wifi anamwonyesha mtoto kikombe, anakichezesha, kisha anakificha. Mtoto anabaki akingoja, na papo hapo bibi anatoa sauti. Kikombe kikibaki machoni, mtoto atakishangaa tu asigeuke hata kama amesikia. Kusipokuwa na kitu chochote mbele, ataangaza huku na huku na hutajua kilichomgeuza.

Siku ya kwanza aligeuka kila mara, nusura nimwombe nesi msamaha moyoni. Kisha nikagundua kwamba dirisha lilikuwa nyuma yetu, na kivuli cha bibi kilikuwa kikitangulia ukutani mbele ya mtoto. Tukahamia upande wa pili ili mwanga utoke mbele. Bado aligeuka, mara nyingine hata kabla bibi hajafungua mdomo. Bibi alikuwa amejifukiza udi! Nikamwomba, "Mama, kesho tusaidie, usijifukize mpaka tumalize, na bangili zikae kabatini." Akakubali kwa moyo mweupe, maana kwake mjukuu ni kila kitu.

Basi tukaongeza kitu ambacho naomba usikiruke, hata ukiruka mengine yote: zamu ya kimya. Bibi anasogea vilevile, anainua mkono vilevile, ila hatoi sauti. Mtoto akigeuka kwenye zamu ya kimya, ujue kuna kinachomwambia kwa njia nyingine: kivuli, harufu, upepo wa khanga, au mapaja yako wewe uliyempakata. Mtoto anasoma mwili wa mama yake. Ukikaza misuli ukingoja sauti, naye anajua. Mimi nilijifunza kufumba macho ili nisijue zamu gani inakuja. Ni pale tu mtoto anapotulia kwenye kimya na kugeuka kwenye sauti ndipo unaweza kusema amesikia.

Sauti zenyewe ziwe za chini, kutoka umbali wa mkono ulionyooshwa, usawa wa sikio. Tulitumia "uuu" nzito, "sss" nyembamba, na mchele kidogo ndani ya kikopo unaotikiswa taratibu. Zote ni muhimu, kwa sababu mtoto anaweza kusikia mlango ukibamizwa na asisikie "sss". Fanya kulia, fanya kushoto, bila mpangilio atakaoushika.

Kwa utaratibu huo mwanangu karibu hakugeuka kabisa. Aligeukia "uuu" kidogo, akanyamaza kwenye "sss", na mchele haukumshtua upande wowote.

Hatua ya tatu nilikusudia iwe kuandika matokeo kwenye daftari, lakini kilichoniokoa ni simu. Niliiegemeza kwenye kopo la maziwa ili uso wa mtoto na mkono wa bibi vyote vionekane, nikarekodi. Hospitalini daktari wa watoto alianza na lile jibu tunalolijua, kwamba watoto hawafanani. Nikaiweka simu mezani mbele yake. Akaangalia zamu ya kimya, akaangalia mchele kulia, mchele kushoto. Akarudisha nyuma, akaangalia tena. Akauliza, "Nani alikufundisha hii zamu ya kimya?" Nikamwambia ni udi wa mama mkwe. Siku hiyohiyo tuliingia kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Alimtazama kwa taa, akamwekea kile kifaa chenye ncha ya mpira kinachopima mgandamizo ndani ya sikio. Kulikuwa na majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, mabaki ya mafua. Akatuambia mara nyingi hukauka yenyewe, akatupangia kurudi baada ya miezi 3. Tuliporudi yalikuwa yamekauka. Jioni ile bibi alitikisa mchele na mjukuu akageuka kama askari. Tulipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Wakati tunasubiri, muuzaji wa duka la dawa alinishikia bango ninunue matone ya sikio na antibiotiki juu yake. Matone yanaishia nje ya ngoma ya sikio. Ikiwa nzima hayapiti kwenda kwenye majimaji. Wanaouza bila hata kumtazama mtoto wananikera sana. Mafuta ya nazi ya moto usiweke, na pamba za vijiti zinasukuma nta ndani zaidi.

Mengine kwa haraka. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2006, uliowafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ulionyesha watoto wenye afya wakikaa bila msaada kati ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea wenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6. Wengine, kama 4 katika kila 100, hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Aliyezaliwa njiti, hesabu umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Usimnunulie kigari cha kujifunzia kutembea, hata muuzaji wa Kariakoo akuapie. Canada ilivipiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu ya ajali, na havimfundishi kutembea. Lakini mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, au aliyeacha jambo alilokuwa analiweza, mpeleke wiki hiyohiyo.

Kipimo changu hakimfai mtoto mchanga. Kwake kuna mashine ndogo inayosikiliza mwangwi wa sikio, na wataalamu wanataka apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kufikia miezi 3, na msaada uanze kufikia miezi 6. Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, na anayegunduliwa mapema hufaidika zaidi. Ukijifungua mahali penye mashine hiyo, omba apimwe kabla hamjaruhusiwa. Akiwa amelala ndiyo vizuri zaidi.