Kundi Lililolala Haliamshwi kwa Tangazo

Usiku mmoja wa Januari nilifungua kundi letu la WhatsApp, lile la sisi tunaoandika programu kwa mapenzi tu, nikakuta jumbe tatu za mwisho ni hizi: tangazo la viatu vya jumla Kariakoo, stika ya waridi ya kutakiana asubuhi njema, na taarifa kwamba mtu amejitoa. Nikapandisha juu kutafuta swali la mwisho linalohusu kompyuta. Nililikuta siku 11 nyuma. Kijana alikuwa anauliza kwa nini programu yake inajirudia bila kukoma. Chini yake hakuna jibu. Hata kidole gumba hakuna.

Mimi si mtaalamu. Mchana nahesabu mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Python ni mambo ya usiku, watoto wakishalala. Kundini tuna fundi umeme wa Mwanza, mwalimu wa Moshi, muuguzi wa Mombasa, mzee mmoja dereva anayeishi Muscat, na wengine 200 na ushee wa namna hiyo. Admini nilikuwa mimi. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa wangu kuutibu, na baadaye niligundua kwamba sehemu kubwa nilikuwa nimeuleta mwenyewe.

Leo kundi linaongea. Si kila siku, wala sitaki liongee kila siku. Kama na wewe una kundi lililododa, haya ndiyo yaliyonifaa, nikianza na yale yasiyofaa.

Nilivyoanza vibaya

Kwanza niliandika tangazo. Refu, lenye nyota huku na huku na sheria tano, likianza na "Ndugu wanakundi, tuamke!" Wawili wakaweka kidole gumba, watatu wakajitoa. Ukimwamsha mtu kwa kumgombeza, ataamka kweli, ila ataondoka.

Kisha nikatengeneza ratiba: kila Jumatano somo, na mtaalamu wa kulifundisha. Wiki ya kwanza nilifundisha mimi. Wiki ya pili mtaalamu alikuwa safarini, nikafundisha tena mimi. Wiki ya tatu hapakuwa na mtu wa kuuliza kama somo lipo. Nilikuwa nimegeuza starehe ya watu kuwa darasa, na mtu aliyetoka kazini saa kumi na mbili hatafuti darasa lingine.

Hesabu kabla ya kuhubiri

Hapo nikafanya jambo ambalo mtu wa programu angepaswa kulifanya mwanzo. WhatsApp inakuruhusu kuhamisha mazungumzo ya kundi yawe faili la maandishi. Nililitoa faili hilo, nikaliandikia programu ya mistari 30 hivi: soma mstari, kata tarehe, chukua jina la aliyesema, hesabu. Baadaye nikaongeza kazi moja: kwa kila ujumbe wenye alama ya kuuliza, onyesha nani alijibu wa kwanza na baada ya muda gani. Nilipomaliza nikalifuta faili, maana maneno ya watu si mali yangu.

Majibu hayakunipendeza. Karibu nusu ya jumbe zote zilikuwa zangu na za rafiki zangu wawili. Aliyejibu wa kwanza, mara nyingi, alikuwa mimi. Na nilipoyasoma majibu yangu yenyewe nikaona aibu.

Mfano mmoja unatosha. Yule muuguzi wa Mombasa aliwahi kuandika: programu yangu naipa 2 na 2 nijumlishe, inaniambia 22, nimekosea wapi? Kila aliyejifunza Python amepita hapo. Unachokipokea kwa `input()` ni maandishi hata kama ni tarakimu, na maandishi mawili yakijumlishwa hushikamanishwa tu kama mabehewa. Dawa yake ni neno moja, `int`. Mimi nilimjibu: "Soma kitabu kwanza," nikaweka na uso wa kucheka. Watu tisa wakacheka pamoja nami. Kwenye faili langu, jina lake halikuonekana tena baada ya siku ile.

Tunasema mficha uchi hazai. Lakini aliyeuonyesha wake akachekwa, hatarudi, na waliokuwa pembeni wakitazama watafunga vifungo vyao vizuri zaidi. Kumbe nilikuwa nahesabu watu waliokaa kimya nikidhani ni wavivu.

Nenda faraghani, mmoja mmoja

Nilimwandikia pembeni yule muuguzi. "Dada, habari za siku nyingi. Siku ile nilikujibu vibaya mbele ya watu. Naomba radhi." Alijibu kesho yake: "Usijali kaka, nilishalipata mwenyewe." Kisha akanitumia programu aliyoitengeneza kwa ajili ya mazoezi yake: inakokotoa matone ya dripu. Unaiambia lita moja kwa saa nane, mrija wa matone 20 kwa mililita, nayo inazidisha 1,000 kwa 20, inagawa kwa dakika 480, inakuambia matone 42 kwa dakika. Ilikuwa safi kuliko chochote nilichokuwa nimekiweka kundini mwaka mzima.

Baada yake niliwaandikia wengine, watu 12 kwa wiki mbili, kila mtu kwa jambo lake. Sikuwaambia "karibuni tuchangamshe kundi". Nilimuuliza fundi wa Mwanza kama ile programu yake ya kukadiria nyaya iliwahi kukamilika. Mzee wa Muscat nilimpa shikamoo yake, nikamuuliza anatumia simu au kompyuta. Swali lenye jina la mtu lina mwenyewe wa kulijibu. Swali linaloanza na "ndugu wanakundi" ni la kila mtu, kwa hiyo si la yeyote. Kijana wa siku 11 naye nilimjibu, ingawa alikuwa ameshakata tamaa na kufuta kazi yake.

Toa kazi inayoisha jioni moja

Sasa walikuwepo watu kumi walio tayari kusema. Walihitaji jambo la kusemea. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuwaza makubwa: tutengeneze programu ya soko, tuunganishe wakulima wote. Python yenyewe ilianza kama kazi ya kujipumbaza ya Guido van Rossum kwenye likizo ya Krismasi ya mwaka 1989. Sisi tulihitaji kitu kidogo zaidi ya hapo.

Nikaweka hiki: andika programu inayopewa saa ya kimataifa, kwa mfano 19:30, ikajibu kwa saa yetu: saa moja na nusu usiku. Lugha yoyote, simu au kompyuta, mpaka Jumapili.

Kinaonekana chepesi. Unaongeza sita, unagawa kwa 12, unachukua baki: `(s + 6) % 12`. Saa 19 inakupa 1, umepatia. Saa sifuri inakupa 6, yaani saa sita usiku, umepatia. Kisha unaijaribu saa 6 ya alfajiri, nayo inakuambia ni saa sifuri asubuhi. Watu wanne walinasa kwenye mtego huo jioni ya kwanza, wakacheka, na safari hii walijicheka wenyewe. Wengi waliziba tundu kwa sharti: ikiwa ni sifuri, andika 12. Mwalimu wa Moshi akaja na jibu la `(s + 5) % 12 + 1`, bila sharti lolote, na kundi zima likakaa kulipigia hesabu kama linadanganya. Halidanganyi.

Lakini moto wenyewe uliwashwa na maneno. Alfajiri inaishia saa ngapi? Saa kumi ni alasiri au jioni? Mzee wa Muscat akasema wao walilelewa kuhesabu kwa adhana; mwingine wa Dodoma akasema kwao jioni ni mifugo ikirudi. Watu ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja waliingia kutetea saa za nyumbani kwao, na kila hoja iliyoshinda ilibidi mtu aiandike ndani ya programu. Ndipo nilipojifunza namna ya kuchagua kazi: iwe ya kuisha jioni moja, iwe na mtego mmoja, na iwe na kitu ambacho hata asiyejua kompyuta anakijua kuliko wewe.

Admini, shika mdomo

Hili lilikuwa gumu kuliko yote. Nilijiwekea mwiko wa kutojibu swali lolote kabla ya saa 24. Siku za kwanza niliandika majibu nikayafuta, nikaweka simu kabatini. Ajabu ni kwamba maswali yakaanza kupata majibu, na majibu ya waliojifunza jambo mwezi uliopita ni bora kuliko yangu, maana bado wanakumbuka linapoumia.

Pamoja na hilo tulikubaliana utaratibu wa kuuliza, mambo matatu tu: ulitaka nini, umeandika nini, mashine imesema nini. Yote kwa maandishi, yakitanguliwa na kufuatwa na alama tatu za ``` ili WhatsApp isivuruge nafasi, maana kwenye Python nafasi ni sarufi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu nyingine hainakiliki, na inakula bando la mtu bure. Na jibu la "soma kitabu" tulilipiga marufuku. Katazo hilo lilitungwa kwa ajili yangu, kila mtu alijua.

Weka ukuta

Makundi ya burudani hii yaliyodumu duniani yanafanana kwa kitu kimoja: mipaka. Ludum Dare, mashindano ya kutengeneza gemu yaliyoanza mwaka 2002, yalijulikana kwa saa 48. js13kGames, yaliyoanza mwaka 2012, yanakupa mwezi mzima lakini gemu lako lisizidi kilobaiti 13. Advent of Code, aliyoianzisha Eric Wastl mwaka 2015, hutoa fumbo kwa siku katika Desemba, kisha haitoi mapya mpaka mwaka unaofuata. Mwenye muda wote ulimwenguni huanza kesho.

Sisi tulijifungia Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni tukitengeneza bao: safu nne za mashimo manane, mashimo 32, kete 64. Tulichagua lile la kujifunza, maana la wakubwa, pamoja na sheria zake za kunamua na za nyumba, lingetumaliza. Mashimo 16 ya kila mchezaji yanazunguka, kwa hiyo ile alama ya baki tuliyoizoea kwenye saa ikarudi: ukivuka shimo la mwisho unaanza upya. Hakuna aliyemaliza vizuri. Watu saba walionyesha walipofika, na hilo ndilo tulilolitaka.

Mengine kwa ufupi

Kazi zote tunazihifadhi GitHub, na maelezo yake kwa Kiswahili, maana mazungumzo ya WhatsApp ni mto: mgeni wa leo hayaoni maji ya jana. Matangazo ya viatu yana siku yake, Jumamosi. Adminshipu nimegawana na wawili, mmoja wao yule mwalimu. Na tunapumzika: Ramadhani hatutoi kazi, Novemba walimu wako kwenye mitihani ya Kidato cha Nne. Ukimya wa mwezi mmoja uliotangazwa haumtishi mtu.

Wiki iliyopita mgeni mmoja, ana siku mbili kundini, aliandika saa nne usiku kwamba programu yake imejumlisha 5 na 5 ikapata 55, na kwamba anaomba asichekwe. Nilikuwa macho. Vidole vilishaanza kuandika. Nikafuta, nikaweka simu kifudifudi mezani, nikanywa maji.

Nilipoigeuza, muuguzi wa Mombasa alikuwa ameshajibu. "Karibu sana. Hata mimi lilinipata hilo, langu lilikuwa 22. Hebu tuwekee ulichoandika tukione."