Mkeka ukichanika

Swali: Mchungaji, nimeokoka na naimba kwaya, lakini kila Ijumaa jioni najikuta nabeti. Nikishinda natoa fungu la kumi. Je, hii nayo ni sanamu?

Jibu: Mwanangu, fungu la kumi haliusafishi mkeka wa kubeti, tuanzie hapo. Sanamu ya Nebukadneza kwenye uwanda wa Dura ilikuwa na kimo cha dhiraa 60, kila mtu aliiona. Yako inaingia mfukoni. Jiulize tu: kodi ya nyumba ikikaribia, unamtazamia nani kwanza? Paulo, katika Wakolosai 3:5, anaiweka tamaa kwenye kundi la ibada ya sanamu, bila kuhitaji jiwe wala mti.

Wengi hukariri 1 Wakorintho 10:13, ile ahadi ya mlango wa kutokea, wakaishia hapo. Aya ya 14 inataka miguu: kimbia ibada ya sanamu. Yusufu hakubaki kumhubiria mke wa Potifa. Aliacha vazi lake akatoka mbio. (Ilinichukua miaka kukubali kwamba kukimbia si woga.) Basi futa programu leo, omba akaunti yako ifungwe, toka kwenye kundi mnakotumiana mikeka. Mshahara ukiingia, mzee wa kanisa unayemwamini aujue. Ijumaa usikae peke yako. Pendekeza mazoezi ya kwaya yawe jioni hiyo. Na ukianguka wiki ya tatu, njoo ibadani na aibu yako hivyo hivyo, usisubiri kwanza hela irudi.