Tishu Nne za Mwili na Moshi wa Zebaki

Ama baad. Ndugu zetu wa pwani wanaopanda bara kutafuta riziki katika machimbo ya dhahabu hufika hapa Buseresere, mji wa wilaya ya Chato ulioshikana na Katoro, katika mkoa wa Geita. Wako miongoni mwao wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu, kisha husema: "Nimeishika miaka mingi, na mkono wangu ni mzima." Hoja hii ni dhaifu, na udhaifu wake haubainiki ila kwa kujua mwili umejengwa kwa nini.

Fahamu, ewe msomaji, ya kuwa mwili umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho tupu, nazo huitwa seli. Seli za namna moja zikikusanyika kwa kazi moja, mkusanyiko huo huitwa tishu, kama nyuzi zifumwavyo zikawa nguo. Tabibu Mfaransa Bichat, aliyekufa mwaka 1802, alizihesabu tishu 21 bila ya hadubini. Wataalamu wa leo wamezirudisha katika mafungu manne.

La kwanza ni tishu ya kufunika. Hii ndiyo iliyo juu ya ngozi, na ndiyo utando wa ndani ya kinywa, na wa matumbo, na wa vifuko vya hewa vilivyomo mapafuni. Kazi yake ni kulinda na kunyonya. Katika ngozi imepangwa tabaka juu ya tabaka. Katika mapafu ni tabaka moja, nyembamba mno, ili hewa ipate kuingia katika damu.

La pili ni tishu ya kuunganisha, nayo ni mifupa, na gegedu, na kano, na mafuta. Na damu pia huhesabiwa humo. Kazi yake ni kushika viungo na kuvitegemeza. Na jeraha likipona, kovu ni kazi yake.

La tatu ni misuli. Iko iliyoshikana na mifupa, hiyo hutii amri yako. Iko ya matumbo na mishipa ya damu, hiyo haingoji amri. Na iko ya moyo, hiyo hupiga usiku na mchana.

La nne ni tishu ya fahamu, nayo ni ubongo, na uti wa mgongo, na mishipa itokayo humo. Kwayo mtu huona, hukumbuka, na mkono wake hutulia ashikapo kalamu.

Ukisha kuyajua haya, jua na tofauti yake katika kupona. Ngozi hujifanya upya kwa muda wa kama mwezi mmoja, na mfupa uliovunjika huunga. Lakini seli za ubongo zikifa, nyingi hazirudi. Basi si kila dhara la mwili lina dawa.

Sasa tuje kwenye zebaki. Mchenjuaji huichanganya na mawe yaliyosagwa karashani, nayo ikashikana na dhahabu; kisha huchoma donge lile, zebaki ikaruka kuwa mvuke na dhahabu ikabaki. Mkono wake ni mzima kwa sababu ngozi ni ngome ya tabaka nyingi, haipitishi zebaki ila kidogo. Mapafu hayana ngome hiyo: katika mvuke uvutwao, kama sehemu 8 katika 10 huingia damuni. Ibn al-Nafis, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i aliyekufa Misri mwaka 1288, ndiye aliyebainisha ya kuwa damu hutoka upande wa kuume wa moyo, ikapita mapafuni, ikarudi upande wa kushoto. Kutoka hapo hupelekwa mwili mzima, na ubongo ukiwamo. Hiyo ndiyo njia ya mvuke. Kwa hiyo mwenye kuutazama mkono wake ameutazama mlango usiopitiwa na mwizi.

Dalili zake ni mikono kutetemeka, na usingizi kupotea, na kusahau, na hasira zisizo na sababu, na ufizi kuvimba. Na figo nazo hudhurika. Mwenye mimba akiuvuta, humfikia mtoto tumboni. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa bahari iliyotiwa taka za kiwanda, na wako kina mama walioonekana wazima wakazaa watoto walioharibika ubongo. Zebaki ile ilikuwa ya namna nyingine. Lakini zebaki yetu ikimwagwa mtoni, vijidudu vya matopeni huigeuza kuwa namna hiyo hiyo.

Na vumbi la jiwe lisagwalo kavu lina dhara lake. Likiingia mapafuni, tishu ya kuunganisha hujenga makovu humo, pumzi ikawa fupi, na kifua kikuu kikapata njia.

Akisema msemaji: "Riziki yangu iko humo, nifanyeje?" Jawabu: hatukukataza riziki. Usichome donge ndani ya nyumba wala jikoni. Lichome nje, mbali na watu, katika chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke, kiitwacho retoti. Zebaki yako itakurudia pia. Kitambaa cha usoni hakizuii mvuke, usikitegemee. Jiwe litiwe maji kabla ya kusagwa. Nguo za kazini zisiingie chumba cha watoto. Na aliyeanza kutetemeka apelekwe hospitali, aseme kazi yake kwa tabibu, wala asiambiwe amepagawa.

Mwili ni amana, na mwili wa mkeo na wanao ni amana iliyo nzito zaidi, kwani wao hawakuchagua kuuvuta moshi ule. Dhahabu ikipotea hutafutwa tena. Ubongo wa mtoto hautafutwi. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.